Aliuza Peugeot Yake Akamsindikize Madamu Berthe

Ilyasi Gakwaya ni dereva asiye na gari. Alikuwa nalo. Aliliuza mwenyewe mwaka jana, 1992, katikati ya vita, watalii wakiwa wamekwisha na bei ya maharagwe ikipanda kila wiki, ili apande ndege akamwone bikizee mmoja Mfaransa kabla hajafa. Hakuna aliyemlazimisha. Nauli alikuwa ameahidiwa, akaikataa.

Saa kumi na moja alfajiri yupo soko la Nyabugogo, Kigali, nyuma ya usukani wa pikapu ya mtu mwingine. Anarudi kinyumenyume kati ya magunia na wapagazi, kichwa nje ya dirisha, mkono mmoja ukigonga mlango kuwaonya watu. Kabichi zinapakiwa huku ukungu wa bondeni bado umelala juu ya mabati ya soko.

"We Mzee Ilyasi!" anapaza sauti Mugenzi, dereva mwenzake wa siku nyingi. "Leo iko nani unasindikiza? Kabichi?"

"Kabichi nafuu," anamjibu. "Hazina maneno mengi kama wewe."

Wapagazi wanacheka. Kwenye maegesho haya jina lake sasa ni Msindikizaji, na wengi wanaomwita hivyo hawamsifu.

Pikapu ni ya Rutayisire, mfanyabiashara wa mboga. Kwa mwezi Ilyasi hupewa faranga elfu kumi na moja, ikiwa gari halikulala gereji. Zamani, mwezi wa Julai kama huu, fedha hizo alizipata kwa safari mbili za wageni.

Ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Biryogo, mtaa wa Kigali, katika nyumba ya Waislamu ambamo Kiswahili na Kinyarwanda vilipikwa chungu kimoja. Babu yake alikuja kutoka Ujiji na mizigo ya nguo, akaoa hapa, akabaki. Shule Ilyasi aliiacha mapema, akajifunza udereva kwa kuosha malori ya Wahindi.

Mwaka 1979 aliajiriwa na Mfaransa mmoja, mhandisi wa barabara, aliyeitwa Fernand. Walizunguka pamoja miaka saba. Fernand alipostaafu na kurudi kwao, alimwachia dereva wake Peugeot 504 ya rangi ya maziwa kwa bei ya kirafiki, ilipwe kidogo kidogo. Ilyasi alilimaliza deni lote. Ndipo akaanza kutembeza wageni.

"Ile ilikuwa kazi," anasema, na sauti yake inalegea. "Unatoka hapa asubuhi, madirisha wazi, unashuka Nyanza kuwaonyesha nyumba ya mfalme. Unasimama njiani kununua mahindi ya kuchoma. Mama mmoja anakuuliza unatoka wapi, baba yako nani, mkimaliza kusalimiana na jua limeshapanda. Hakuna anayekuuliza kitambulisho. Mtu akikusimamisha barabarani, basi anataka lifti."

Oktoba 1990 vita vilianza mpakani. Barabara ya kaskazini ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Wageni waliokuwa wameandika watakuja wakaandika hawaji, kisha hawakuandika tena. Peugeot ikaanza kubeba wagonjwa, maharusi na mbuzi.

Lakini kisa cha kuuzwa kwake kilianza kabla ya vita, mwaka 1988, katika kijiji cha Vaubrenne, saa nne kwa treni kutoka Paris.

Mwaka huo Fernand alianguka ngazini akavunjika nyonga. Hakuwa na mke wala mtoto. Akamwandikia dereva wake wa zamani aje amsaidie miezi mitano, amwendeshe hospitali na kumtoa nje akapate hewa. Ilyasi akaenda. Alikuta nyumba za mawe zilizobanana kama kondoo wenye baridi, kengele ya kanisa inayohesabu hata nusu saa, na mashamba ya ngano yasiyo na mtu ndani yake.

"Nilijiuliza, wenyewe wako wapi?" anasema. "Shamba kubwa, mtu mmoja juu ya trekta. Anapita, hakusalimu. Nikasema hapa nitakufa kwa ukimya."

Kila Alhamisi dada mkubwa wa Fernand, waliyechangia mama tu, alikuja kumwona. Aliitwa Madamu Berthe, mjane wa miaka sabini na minne, mwembamba, mkali, aliyekaa mwisho wa kijiji. Alhamisi ya kwanza alikunywa kahawa, akamgombeza kaka yake, akachukua mkoba wake akaondoka. Ilyasi akatoka naye.

Hapo ndipo palipotokea kosa ambalo ni Mnyarwanda tu angelifanya. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unatembea naye, mnazungumza mpaka njia panda au mbali zaidi, kisha unarudi. Kinyarwanda huita guherekeza. Mgeni aliyeachwa aende peke yake amefukuzwa, hata kama alikula akashiba. Ilyasi, mtu wa nyumba ile, alitimiza wajibu wake. Ila Madamu Berthe aliona mwanaume mgeni, mrefu, anamfuata hatua tatu nyuma kwenye njia isiyo na watu.

Aliongeza mwendo. Ilyasi, kwa adabu, naye akaongeza. Bikizee akaukumbatia mkoba kifuani.

"Unanifuata kwa nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Nakusindikiza, mama."

"Mimi sijapotea. Nimezaliwa hapa!"

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuacha utangulie."

Madamu Berthe alifika kwake akihema, akamfungia geti usoni. Ilyasi aliliaga lile geti, akamtakia mwenye nyumba usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado juu, akarudi zake akijiona amefanya vizuri. Alipofika alimkuta Fernand na simu mkononi, akicheka huku machozi yanamtoka kwa maumivu ya nyonga.

"Berthe anataka niite polisi," alisema. "Nimemweleza. Nimemwambia kule ulikotoka, wangekuona huna malezi kama usingemfuata."

Alhamisi iliyofuata Madamu Berthe alikuja amevaa viatu vizito na ana fimbo. Alipomaliza kahawa akamtazama Ilyasi.

"Haya. Leo tunapita njia ndefu. Kama kazi yako ni kufuata watu, fuata vizuri."

Njia fupi ya kwenda kwake ilikuwa ya dakika kumi na tano. Njia ndefu ilikula alasiri nzima, na ndiyo waliyoipita kila Alhamisi mpaka Ilyasi alipoondoka.

Walianzia kwenye hodhi la mawe walikofulia wanawake wa zamani, lenye paa la vigae na maji ya chemchemi yanayopita bila kukoma. Ukingoni mawe yalikuwa yamebonyea kwa magoti na makofi ya nguo ya miaka mia mbili. Madamu Berthe alimwonyesha jiwe la mama yake. Kutoka pale walishuka kwenye kinu cha maji kilichonyamaza tangu utoto wake, wakavuka daraja la upinde mmoja ambalo watu wa kijiji husema lilijengwa na Warumi, wakakata malisho ya ng'ombe weupe mpaka chini ya ngome. Ngome yenyewe ilibaki mnara mmoja tu uliojaa kunguru. Juu kabisa, mwisho wa njia ya miguu, palikuwa na kikanisa kidogo kilichojengwa na watu walionusurika tauni.

"Alinisimulia yote kama umbeya wa jana," anasema Ilyasi. "Huyu bwana wa ngome alikuwa bahili, yule msagaji alikuwa mwizi wa unga. Mimi Mwislamu, ananiingiza kanisani ananionyesha mahali mjomba wake alipochora jina lake kwa kisu. Nikimwambia habari za kwetu, anasimama kabisa asikie. Ng'ombe wetu wana majina, nikamwambia. Akasema, basi nyinyi ni watu."

Kitu kimoja hakukisahau. Uwanjani mwa kijiji kulikuwa na nguzo ya mawe yenye majina ya wanaume waliokufa katika vita vya 1914. Majina yalikuwa mengi kuliko nyumba alizoziona. Alimuuliza imekuwaje, kijiji kidogo hivi.

"Kila nyumba ilitoa," Madamu Berthe alimjibu. "Hili ni la baba yangu. Sikumfahamu. Walipoondoka walipigiwa ngoma uwanjani hapa, watu wakacheza, kisha wakarudi ndani kula. Hakuna aliyewasindikiza hata mpaka darajani."

Siku Ilyasi aliporudi Rwanda, bikizee yule alitoka naye. Alibeba kifurushi cha jibini, akatembea mpaka barabara kuu inakopita basi, akasimama kwenye upepo mpaka basi likaondoka. Alimwambia jambo moja: zamu yake ikifika, angependa asindikizwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Ilyasi alikubali. Kwake ilikuwa ahadi.

Septemba mwaka jana simu iliita kwenye duka la jirani yake, Nkusi, huko Kicukiro, mtaa wa Kigali anakoishi. Alikuwa Fernand. Madamu Berthe alikuwa na ugonjwa wa mifupa usio na dawa. Alikuwa ameuliza yule mtu wa kufuata watu yuko wapi. Fernand angetuma tiketi.

"Nikamwambia asante, patroni, nitakuja kwa nauli yangu," anasema Ilyasi, ambaye hajaacha kumwita hivyo bosi wake wa zamani.

Mkewe, Mukantwari, alipopata habari alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Baba Zubeda, patroni amesema analipa."

"Amesema."

"Basi?"

"Mama Zubeda, wewe ukimsindikiza mgeni, unamwambia akupe nauli ya kurudi?"

"Mimi nikisindikiza naishia njia panda ya Sonatubes! Sivuki bahari!"

Mukantwari anakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno, na hajalainika. "Nilimwambia, hiyo si heshima, hicho ni kiburi. Nchi iko kwenye vita, tuna watoto, mtu mwenye fedha zake anataka kulipa, yeye anakataa! Mpaka leo nasema vilevile. Andika hivyo."

Zikaja karatasi. Kila ofisi ilimtuma kwenye ofisi nyingine, na mwezi ukaisha. Nkusi akatuma mtu amwite tena simuni. Fernand alizungumza maneno machache: Berthe hawezi tena kula hata mkate, harakisha. Wiki hiyohiyo mfanyabiashara mmoja wa Kicukiro aliikagua Peugeot, akapiga matairi teke, akanusa haraka ya mwenye gari. Ilikuwa na thamani ya faranga laki nne. Ilyasi alipewa laki mbili na elfu sitini. Tiketi ilichukua laki moja na elfu sabini.

Madereva wa maegesho walimuaga kama mtu anayehama. Wengine walimpa anwani za jamaa zao Ubelgiji. Hakuna aliyeamini habari ya bikizee. Walidhani amepata njia ya kuikimbia nchi, wakamwonea wivu, wakaona ana akili.

Alifika Vaubrenne Novemba, miti ikiwa haina jani. Madamu Berthe alikuwa hai. Alikuwa amelazwa sebuleni kwake, mdogo kama mtoto, na sauti ileile.

"Umechelewa," alimwambia. "Viatu vyangu viko wapi? Tunapita njia ndefu."

Daktari alikataa. Fernand naye alikataa. Mgonjwa akageukia ukutani, akaacha kusema na yeyote. Siku ya tatu Ilyasi akamwambia Fernand kwamba mgeni akishasimama kutaka kwenda, kumkalisha kwa nguvu ni kumtesa. Fernand, ambaye sasa alitembelea magongo, alimpa ufunguo wa gari lake.

Ilyasi alimfunga bikizee blanketi tatu, akamweka kiti cha mbele, Fernand nyuma, akaendesha kwa mwendo wa kubeba mayai. Walisimama kwenye hodhi, akafungua dirisha asikie maji. Wakapita kinu, wakavuka daraja. Chini ya ngome kunguru waliruka wote kwa pamoja, Madamu Berthe akawatukana kama zamani. Hapo barabara ikaisha. Kikanisa kilikuwa juu, na njia yake ni ya miguu.

"Inatosha," alisema Fernand kutoka kiti cha nyuma.

"Haitoshi," alisema dada yake.

Kwetu mgonjwa wa mlimani hateremshwi na mtu mmoja. Majirani huja na machela ya kusukwa, iitwayo ingobyi, wakapokezana mabegani mpaka hospitali, na jirani asiyefika kubeba hukumbukwa vibaya maisha yake yote. Ilyasi hakujua kwamba Vaubrenne hakuna desturi hiyo. Alitembea mpaka baa ya kijiji, akaingia na matope yake, akawaambia wanaume waliokuwa wakinywa mvinyo: "Jirani yenu yuko chini ya ngome, anataka kupanda kanisani. Nahitaji mabega matatu. La nne ninalo."

Kisha mwoka mikate alivua aproni. Wengine wawili wakamfuata, mmoja tarishi, mwingine yule mtu wa trekta asiyesalimu. Waling'oa mlango wa banda la kuni, wakatandika godoro juu yake, wakampakia.

"Mwokaji!" alisema Madamu Berthe walipoanza kupanda. "Usinitikise. Mimi si unga."

"Unga unanyamaza, Madamu," mwokaji alimjibu akihema.

Tarishi akakiri kwamba hakuwa amefika juu tangu kipaimara chake. Bikizee, akiwa chali, macho kwenye mawingu, aliwaeleza kila jiwe wanalolipita na aibu ya kila babu yao. Mtu wa trekta alicheka mpaka wakalazimika kutua mlango chini wapumzike. Ndani ya kikanisa walimsogeza karibu na ukuta, akaweka kidole juu ya jina la mjomba wake, akakaa nalo kitambo.

"Sasa nirudisheni," alisema. "Nimechoka."

Alifariki siku tano baadaye. Ilyasi alitembea nyuma ya jeneza mpaka makaburini, na watu walipotawanyika yeye alisubiri mpaka koleo la mwisho la udongo. Wale wanaume watatu walisubiri pamoja naye.

Jioni hiyo Fernand alimwambia abaki. Chumba kipo, kazi ipo, angemwandikia mkuu wa wilaya, baadaye familia ingemfuata. "Redio inasema mambo ya kwenu ni mabaya," alisema.

"Nilikuja kusindikiza, patroni," Ilyasi alimjibu. "Nimemaliza."

Aliporudi Kicukiro, Nkusi alisimama mlangoni mwa duka akashika kichwa. "Umerudi? Watu wanauza mashamba watoke, wewe umetoka umerudi?" Mukantwari alimpa chakula. Alipomaliza kula alimsukumia madumu mawili. "Haya, mtembeaji. Bombani ni mbali na gari huna."

Sasa saa nne za asubuhi kabichi zimeshushwa sokoni Kicukiro. Kutoka Nyabugogo mpaka hapa wamesimamishwa na askari mara mbili, vitambulisho juu. Ilyasi anafuta usukani kwa kitambaa, usukani usio wake. Anasema kilichobadilika zaidi Kigali ni namna ya kuagana. Watu huagana mlangoni. Giza likiingia, mwenye nyumba anafungua, anachungulia, anamwambia mgeni, nenda salama, kisha komeo linasikika.

Yeye bado anatoka na wageni wake mpaka barabarani. Mukantwari humwita mjinga, kisha husimama uani mpaka asikie hatua zake zikirudi.

Mazungumzo ya amani ya Arusha yanaendelea, na redio inasema kutiwa saini kuko karibu. Mpango wa Ilyasi ni huu: amani ikija, watalii watarudi, naye atamwomba Rutayisire pikapu siku za Jumapili mpaka apate gari lake. Hatawapeleka kwenye sokwe tu kama wanavyofanya wengine. Atawatembeza kwa miguu kwenye vilima hivi vya karibu, kwa hadithi za mababu wa watu, kwa njia ndefu. Mwoka mikate wa Vaubrenne ametuma salamu kwamba angependa kuja, na Ilyasi ameshamjibu aje na viatu vizito.

Anajua alicholipa, hafichi. Peugeot imekwenda, na wenye hoteli waliokuwa wakimwita wamepata dereva mwingine. Fedha zilizobaki baada ya tiketi ziliisha kwa kodi ya nyumba na chakula cha miezi minne. Mukantwari aliuza bangili zake mbili za harusi, za dhahabu, na hajaambiwa zitarudi lini. Zubeda, binti yao wa kwanza, amekosa mwaka mzima wa shule; yupo kwa fundi cherehani, anashona vifungo. Nafasi ya kukaa Ufaransa ilikuwepo siku moja, ikapita. Kwa hayo yote alipata alasiri moja, kutoka kwenye hodhi mpaka kikanisani, na robo ya uzito wa mlango begani.